Fedha Ikisawijika: Maswali ya Wasomaji kuhusu Rangi za Sarafu Kongwe

Barua za sarafu zimetufikia kwa wingi kutoka Unguja na Pemba, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: sarafu ya fedha imebadilika rangi, je, isafishwe? Tumechagua nane. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine zote yameegemea hapo.

Assalaam alaykum. Ndani ya bweta la marehemu bibi yetu tumekuta reale tatu za Maria Theresa, malkia wa Austria, zimefungwa katika kaniki. Moja ni nyeusi tii. Ya pili ina ukingo wa rangi ya dhahabu, ikiingia ndani inakuwa zambarau, kisha buluu. Ya tatu nusu nyeupe, nusu ya kahawia, na mpaka wa rangi hizo umepinda kama mwezi mwandamo. Ndugu zangu wanataka zipelekwe kwa sonara zing'arishwe. Hii ni kutu? Na vipi zipishane rangi ilhali zimekaa pamoja? – Msomaji, Wete

Waalaykum salaam. Kwanza zuieni safari ya kwa sonara.

Hiyo si kutu kama ya chuma. Fedha ikikaa katika hewa safi na kavu haifanyi lolote, hata ipite miaka mia. Kinachoibadilisha ni salfa, ile ambayo wazee wakiiita kiberiti upele. Hewani imo salfa kwa kiasi kidogo mno, hasa katika gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikigusa fedha, pakiwa na oksijeni na unyevu kidogo, chembe za fedha zilizo juu kabisa huungana na salfa na kuwa kitu kingine: salfaidi ya fedha. Huo ndio utando mnaouona. Haukuja kutoka nje ukaganda juu ya sarafu kama vumbi. Ni uso wa sarafu yenyewe uliogeuka. Mtu anayeuondoa anaondoa fedha ya sarafu, na haya ndiyo maneno tunayoomba ndugu zenu wayasikie kabla ya mengine yote.

Rangi nazo zina mpango. Utando ukiwa mwembamba sana, mwanga unaogonga juu yake hugawika: sehemu hurudi kutoka usoni, sehemu hupenya na kurudi kutoka chini, kwenye fedha. Miali hiyo miwili ikikutana, baadhi ya rangi huuana na nyingine huongezeka nguvu. Mmeyaona haya bandarini, dizeli inapotandaa juu ya maji ikatoa rangi za upinde wa mvua. Dizeli yenyewe haina rangi hizo, unene wake ndio unaozileta. Kwenye fedha, rangi hufuatana hivi utando unavyonenepa: kwanza manjano hafifu kama samli, kisha dhahabu, kahawia nyekundu, zambarau, buluu iliyokolea, halafu buluu nyepesi iliyokaribia nyeupe. Ukizidi kunenepa, mzunguko hujirudia kwa manjano, waridi na kijani, na mwisho mwanga haupenyi tena, sarafu huwa nyeusi. Mzunguko wote wa kwanza, kutoka samli hadi buluu, humalizika utando ukiwa bado haujafika unene wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Msuguo mmoja wa jiwe la kusugulia hula zaidi ya hapo.

Sasa itazameni tena ile reale ya pili. Ukingo una dhahabu, katikati kuna buluu. Maana yake utando ni mnene katikati kuliko ukingoni, kwa hiyo salfa ilitoka upande wa uso, si pembeni. Hapo mshukuni kitambaa. Pamba nyingi ya rangi nyeusi na ya kiza hutiwa rangi zinazotengenezwa kwa salfa, na kitambaa kilichogusa uso wa sarafu miaka mingi huipa salfa hiyo kidogo kidogo, hasa kikipata unyevu. Mkiinamisha sarafu chini ya taa huenda mkaona hata alama za nyuzi, msokoto kwa msokoto, zimechapwa ndani ya rangi. Ile nyeusi ndiyo iliyokuwa imebanwa na kitambaa pande zote, au iliyokuwa karibu na mkunjo wa wazi. Na ile ya tatu imejieleza yenyewe: mwenzake aliilalia nusu, akaikinga. Mpaka uliopinda kama mwezi mwandamo ni ukingo wa sarafu ya jirani.

Rangi za namna hiyo hutafutwa. Wakusanyaji wa Marekani hulipa ziada kwa dola za fedha za Morgan, zilizopigwa 1878 hadi 1904 na tena 1921, ikiwa zimepata rangi zikiwa ndani ya mifuko ya turubai iliyobeba sarafu elfu moja moja. Na alama ya mwezi mwandamo ni miongoni mwa dalili wanazozitazama. Reale zenu si adimu kwa tarehe, kwani karibu zote huandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, hata zile zilizopigwa Vienna, Rome, London au Bombay katika karne ya 20. Kwa hiyo hali ya uso ndiyo inayozitenga moja na nyingine. Ile ya zambarau na buluu msiiguse hata kwa kitambaa laini. Ya tatu vilevile. Ile nyeusi, ikiwa weusi ni laini na maandishi yanasomeka, iacheni. Sarafu nyeusi ambayo uso wake ni mzima ina thamani kuliko nyeupe iliyosuguliwa.

Kilichobaki ni kuzitoa kwenye kaniki leo hii, na kuzitenga kila moja peke yake. Jinsi ya kuzihifadhi tumeieleza chini.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, imeelekea bahari. Rupia na reale zangu zinakuwa nyeusi upesi, na masika huzidi. Rafiki yangu wa Nairobi ana sarafu kama zangu na hazibadiliki. Ni chumvi ya bahari? – Mkusanyaji, Shangani

Chumvi ina mkono wake, lakini haifanyi kazi peke yake.

Chembe za chumvi zinazoruka na upepo hutua juu ya sarafu kama zinavyotua juu ya vioo vya madirisha yako. Unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 75, chumvi hiyo huvuta maji hadi ikayeyuka yenyewe, na sarafu inayoonekana kavu inakuwa imevaa ngozi ya maji ya chumvi. Masika, kiwango hicho hupitwa visiwani siku nyingi. Ndani ya ngozi hiyo mambo mawili hutokea. Gesi ya salfa huyeyuka na kufika kwenye fedha kwa wepesi zaidi. Na kloridi iliyomo kwenye chumvi huungana na fedha kutoa utando wa kijivu, ambao ukipigwa na jua huenda zambarau iliyochakaa au kahawia. Utando huo hauna mng'ao wa upinde wa mvua. Huonekana kama jivu lililolowa. Ukiona kijivu kisichong'aa kwenye rupia zako, hiyo ni chumvi. Ukiona samli, zambarau na buluu, hiyo ni salfa.

Salfa yenyewe ipo tele ufukweni. Tope la mikoko halina hewa ndani, na vijidudu waishio humo huchukua salfeti ya maji ya bahari wakaitoa kama haidrojeni salfaidi. Ndiyo ile harufu inayopanda maji yakitoka. Mwani unaooza ufukweni hutoa vilevile. Shimo la choo lililofunikwa vibaya hutoa. Nyumbani kuna mayai, vitunguu, kabichi, sufu, mipira ya kufungia noti, soli za viatu, karatasi za gazeti na maboksi ya kadibodi. Mpira hasa ni adui mkubwa, kwa kuwa hukazwa kwa salfa wakati wa kutengenezwa. Ukiufunga mpira kwenye rundo la rupia, kwa muda mfupi utakuta mstari mweusi umekatiza juu ya kichwa cha mfalme, na mstari huo hauondoki bila kuondoka na uso.

Ukitaka kuthibitisha kwa macho, chukua kipande cha mkufu wa fedha uliokatika (usitumie sarafu), ukiweke ndani ya kopo pamoja na nusu ya yai lililochemshwa sana, visigusane, ufunike. Kabla ya kulala utakuta kipande kimepata manjano ya samli.

Nairobi iko juu, hewa yake ni kavu zaidi na bahari iko mbali. Huwezi kuihamisha nyumba, lakini unaweza kuupa mkusanyiko wako hewa ya Nairobi ndani ya kopo. Jibu la hifadhi liko chini.

Nilisugua rupia ya Malkia Victoria kwa ndimu na jivu, ikang'aa sana, lakini mnunuzi akaikataa mara tu alipoishika. Jirani ananiambia ningetumia foili ya jikoni na beking soda, kwamba hiyo haisugui. Nimekosea wapi? – Msomaji, Chake Chake

Mnunuzi alitazama mistari. Sarafu ikipigwa kwa chapa, metali husukumwa kwa nguvu kutoka katikati kwenda ukingoni, na msukumo huo huacha mifereji midogo mno kuliko jicho linavyoona. Mifereji hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke kama matindi ya gurudumu ukiigeuza sarafu mkononi. Jivu ni msasa. Limeikata mifereji na kuacha michirizi ya upande mmoja mmoja, kufuata mkono wako ulivyokwenda. Shika rupia hiyo chini ya taa moja, uizungushe taratibu: mwanga hautazunguka, utameremeta wote kwa pamoja kama kijiko. Ndimu nayo ilishambulia shaba. Rupia ya Kihindi ina asilimia 91.7 ya fedha, zilizobaki ni shaba, na tindikali ya ndimu ikikaa huila shaba hiyo usoni na kuacha weupe mfu usio na uhai. Ukwaju hufanya hivyo hivyo. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Jiki usiithubutu kabisa: klorini yake huigeuza fedha kijivu au nyeusi kwa dakika chache.

Ya jirani yako ina ukweli ndani yake, ila si kwa sarafu ya kukusanya. Ndani ya maji ya moto yenye beking soda, alumini na fedha zikigusana hufanya betri ndogo. Salfa huachana na fedha, na ndiyo maana bakuli hunuka yai viza. Fedha iliyokuwa ndani ya utando hurudi, ni kweli, lakini hairudi ilipokuwa. Hurudi kama sifongo laini, imetua ovyo, na uso unakuwa mweupe usio na kina. Halafu sifongo hiyo hushika salfa mpya kwa kasi kuliko uso wa awali, na miezi michache baadaye rupia inakuwa na mabaka. Kwa vijiko na mabangili ni sawa. Kwa rupia, hapana.

Kuna pia dawa za kuchovya zinazouzwa kwa masonara, nyingi zikiwa na thayurea na tindikali. Humaliza utando kwa sekunde mbili tatu. Wauzaji wa sarafu huzitumia, na mwenye mkono mwepesi akichovya sarafu mpya yenye rangi mbaya mara moja, akaisuuza papo hapo kwa maji mengi, anaweza kufaulu. Lakini kila mchovyo hula uso, na wa pili au wa tatu huiacha sarafu imesawijika bila mng'ao wa chapa. Ikiwa weusi ulikuwa mnene, chini yake utakuta mashimo, kwa sababu fedha iliyokuwa pale imekwenda na dawa. Sarafu iliyotembea mikononi isichovywe hata mara moja. Huwa nyeupe katikati ya mikwaruzo na kuonekana kama imepakwa chokaa.

Rupia yako hairudi ilivyokuwa. Ihifadhi vizuri; kwa miaka itapata tena samli na kahawia, na michirizi itatulia kidogo machoni.

Wanaouza sarafu kwa watalii Mji Mkongwe wana reale za buluu ya kung'aa kama rangi ya gari. Wanasema ni za zamani sana. Nitajuaje kama rangi ni ya kweli? – Mnunuzi, Mwanakwerekwe

Rangi inaweza kutiwa kwa alasiri moja: kwa salfaidi ya potasi iliyoyeyushwa majini, kwa moshi, kwa yai ndani ya oveni. Umri wa sarafu na umri wa rangi ni vitu viwili.

Chukua kioo cha kukuzia cha mara kumi na uangalie mambo haya. Rangi ya asili hufuata mpango tulioueleza juu, samli kabla ya zambarau, zambarau kabla ya buluu, na hupita kutoka moja hadi nyingine bila mruko. Rangi ya kutiwa mara nyingi huanza na buluu au waridi bila ya samli kutangulia, au hukatika ghafla kama wino uliomwagika. Angalia kandokando ya herufi: kwa rangi ya asili, mara nyingi pembeni ya herufi zilizoinuka pamekuwa hafifu zaidi, kama herufi imejikinga. Rangi ya kutiwa hupanda na kushuka juu ya kila kitu sawasawa, au hujikusanya kwenye vishimo kama maji yaliyokauka. Kisha tafuta michirizi. Ikiwa rangi imeingia ndani ya michirizi ya kusugua, basi sarafu ilisuguliwa kwanza na rangi ikaja baadaye ili kuficha. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutia rangi, na tunaiona ni udanganyifu mtupu. Nusa pia. Harufu ya salfa kwenye sarafu inayosemwa imelala miaka hamsini haina maelezo mengine.

Na kabla ya rangi, hakikisha sarafu ni fedha. Reale nzima ina gramu 28.07, kipenyo karibu na milimita 40, na pembeni ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Za bandia mara nyingi hukosea pembeni. Ukiwa na mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, weka juu yake bilauri ya maji yaliyochujwa, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Kwa reale ya kweli, yenye asilimia 83.3 ya fedha, mizani itasoma karibu na gramu 2.75. Kwa rupia ya gramu 11.66 itasoma karibu na 1.13. Bandia ya shaba na nikeli yenye uzito uleule husoma zaidi, kwa kuwa metali yake ni nyepesi na ili ifikie uzito huo hulazimika kuwa nene. Sarafu iliyotiwa kikuku cha kuvalia shingoni haipimiki hivi, kwa sababu ya risasi na bati la kuungia.

Niliweka rupia za Wajerumani kwenye albamu ya plastiki laini. Sasa zina ute wa kijani unaonata. – Msomaji, Mkoani

Ziondoe leo. Plastiki hiyo ni PVC, iliyolainishwa kwa mafuta. Joto letu huyatoa mafuta, na plastiki ikichakaa hutoa tindikali yenye klorini. Tindikali hukamata shaba iliyomo ndani ya rupia, ndipo kijani kinapotokea. Kikiachwa huchimba.

Nunua asetoni tupu. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai, nyingi zina mafuta na manukato. Fanya kazi nje au dirishani, mbali kabisa na jiko na sigara, maana mvuke wa asetoni hushika moto kwa haraka. Chukua bilauri mbili za kioo, usitumie plastiki. Anza na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri. Soma kibandiko vizuri, kwani karibu yake huuzwa tindikali ya betri yenyewe. Loweka rupia dakika 10, mwaga, rudia. Hatua hii ni ya kutoa chumvi, kwa sababu asetoni haiyeyushi chumvi na wengi huiruka. Maji ya bomba yasitumike. Ya kwetu yana chokaa na mara nyingine chumvi. Kisha iache rupia ikauke, uiweke ndani ya asetoni dakika 5, uihamishie bilauri ya pili yenye asetoni safi dakika 5 nyingine. Usisugue. Ute uliobakia uguse kwa kijiti cha pamba kilicholowa, ukikizungusha kama unayeviringisha, bila kukokota. Itoe kwa kushika pembeni, ilaze juu ya kitambaa cheupe cha pamba. Asetoni haigusi utando wa salfa, kwa hiyo rangi nzuri itabaki. Kijani kikiwa kimechimba, doa litabaki pia.

Kujua kama plastiki ni PVC: pasha ncha ya waya wa shaba hadi iwake, iguse plastiki kidogo, irudishe motoni. Moto wa kijani ni klorini. Fanya nje, usivute moshi wake.

Shilingi za Afrika Mashariki za Mfalme George wa Tano zimekuwa za kahawia chafu. Mbona hazipati rangi nzuri kama rupia? – Msomaji, Bububu

Kwa sababu robo tu ni fedha. Shilingi iliyoanza kupigwa 1921 ina asilimia 25 ya fedha. Ilipotoka kiwandani ilikuwa nyeupe kwa sababu kidonge chake, yaani kipande ambacho bado hakijapigwa chapa, kiliwekwa ndani ya tindikali, shaba ya juu ikaliwa, ikabaki ngozi ya fedha. Ngozi hiyo ni nyembamba. Baada ya mikono michache, mashavu ya mfalme na manyoya ya simba hufunua metali ya ndani, na shaba huchukua kahawia yake. Hazisafishiki, na kusugua hufunua kahawia zaidi. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Nipeni njia ya kuhifadhi ambayo mtu wa hapa anaweza kuimudu. – Wasomaji kadhaa

Kopo la kioo au la plastiki ngumu lenye kifuniko cha kubana, la lita 5, linatosha sarafu mia moja. Angalia ule mpira wa kifuniko: ukiwa mweusi na unanuka, uondoe, tafuta kopo lenye mkanda wa silikoni. Kila sarafu iwe ndani ya kifuko chake cha poliesta ngumu, ile inayotoa sauti ukiikunja, au kidude cha duara cha plastiki ngumu. Ndani ya kopo tia gramu 100 za silika jeli ya rangi ya chungwa, kwenye mfuko wa kitambaa cheupe, isigusane na sarafu. Ikigeuka kijani imeshiba maji. Itandaze kwenye sinia, iingie oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili hadi tatu, chungwa litarudi. Mchele hauna nguvu hiyo na huacha vumbi la wanga. Ongeza kijiko kikubwa kimoja cha mkaa ulioamilishwa, kwenye mfuko wa pili, kwa ajili ya kunasa gesi za salfa. Mkaa wa jikoni hauwezi badala yake.

Unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Kipima unyevu kidogo cha dijitali huingia ndani ya kopo. Fungua kopo mchana wa kaskazi kavu, si usiku wa masika, na usilifungue bila haja, kwa sababu kila ufunguapo unaingiza hewa ya bahari mpya. Kopo likae chumba cha ndani, juu ya rafu, si kwa kugusana na ukuta wa mawe na chokaa unaotoa jasho. Naftalini na kafuri zisiwemo kashani pamoja na sarafu. Mvuke wake huganda juu ya fedha. Udi na ubani vifukizwe chumba kingine.

Mikono ioshwe na ikaushwe, sarafu ishikwe kwa ukingo, juu ya taulo ili ikianguka isipige sakafu. Usizungumze ukiwa umeinamia. Tone la mate halionekani siku hiyo. Huonekana baada ya mwaka, doa jeusi lenye duara la kahawia, na halitoki.

Mtoto ameokota visarafu vidogo vyeusi shambani, Pemba, vyembamba kama magamba ya samaki. Tuvioshe? – Msomaji, Mtambwe

Msivioshe, wala msivitenganishe kama vimeshikana. Mtambwe Mkuu ndiko ilikopatikana 1984 hazina ya visarafu vya fedha zaidi ya 2,000, vya karne ya 11 na kabla, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, waliotawala Misri. Vya fedha vina majina ya watawala wa pwani hii, kama Ali bin al-Hasan, na ni vidogo kuliko ukucha. Fedha iliyokaa ardhini karibu na bahari kwa karne tisa imegeuka sehemu kubwa kuwa kloridi na salfaidi. Jina la mtawala linaweza kuwa limebaki ndani ya weusi huo tu, na fedha yenyewe imekwisha. Maji ya ndimu yatalifuta kwa dakika moja.

Viwekeni pamoja na udongo wake ndani ya kikopo, juu ya karatasi nyeupe isiyo ya gazeti, pakavu lakini si juani. Andikeni shamba gani, kina gani, na nini kilikuwa karibu, vigae au mifupa. Msiendelee kuchimba. Kisha wapelekeeni taarifa wahusika wa mambo ya kale, kwa kupitia sheha wenu, na mahali penyewe paachwe kama palivyo hadi wafike.